Lisbon au Sevilla: wikendi moja, goti la mama na dhahabu ya Kilwa

Kila baridi inapoanza kulegea, kuna mtu hunipigia simu na swali lile lile. Ana Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, tiketi za bei nafuu za miji miwili ziko mbele yake kwenye simu, Lisbon ya Ureno na Sevilla ya Uhispania, na hajui abonyeze ipi. Mimi nimekwenda kote kuwili, wiki tatu baina ya safari na safari, pamoja na mamangu aliyekuja kutoka Mombasa kunitembelea huku Leicester, Uingereza. Mama ana miaka 68 na goti la kulia linalomsumbua. Safari na mtu wa namna hiyo hukufunza kuhesabu ngazi, na kwa miji hii miwili hesabu ya ngazi ni nusu ya jibu.

Nisikuzungushe: kama ni usiku mbili tu, nenda Sevilla. Mji wa kale wa Sevilla unaingia ndani ya wikendi moja na nafasi ya kukaa barazani inabaki. Lisbon haiingii. Utarudi umechoka na orodha haijafika nusu. Lakini Lisbon ina kitu kimoja ambacho mtu wa pwani yetu akikisikia huenda asinisikilize tena, nitakifikia.

Viza kwanza, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Viza ya Uingereza aliyokuwa nayo mama haikumsaidia kitu. Ureno na Uhispania zote ziko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania lazima aiombe. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Hapo miji inatoshana. Ila ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukatoka Lisbon ukarudi Uingereza, imekwisha hiyo, hata kama siku zimebaki. Sisi tuliomba ya kuingia mara nyingi, tukaambatanisha mipango ya safari zote mbili, tukapewa.

Kufika mjini, Lisbon imeshinda. Metro inaanzia pale pale uwanja wa ndege, na kwa muda usiofika nusu saa uko katikati ya mji. Sevilla kuna basi la uwanja wa ndege, zuri tu, lakini ukitua usiku na mabegi utatamani teksi.

Miguu

Husemwa Lisbon imejengwa juu ya vilima saba. Mama alihesabu zaidi.

Chini kuna Baixa, mtaa wa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Ulijengwa upya baada ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipowakuta watu makanisani asubuhi, bahari ikafuata, kisha moto uliowaka siku kadhaa. Hapo Baixa ni tambarare, unatembea bila wasiwasi. Tabu ni kwamba karibu kila unachokitaka kiko juu: ngome ya São Jorge, vichochoro vya Alfama, kanisa la Carmo lililobaki bila paa tangu tetemeko lile. Na njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe, kila kimoja kama kipande cha sabuni ya mche, vimelainishwa na nyayo mpaka vinang'aa. Sisi tulikwenda mwisho wa Februari, mvua ya manyunyu. Mama aliteleza mara mbili siku ya kwanza. Mara ya pili alinishika bega, akasimama, akasema, "Mwanangu, nitafutie gari."

Utashauriwa upande tramu nambari 28, ile ya manjano inayotoka Martim Moniz na kujipenyeza Alfama mpaka unahofia itakwangua ukuta. Ni kweli inapanda vilima. Lakini ikifika saa nne asubuhi foleni imezunguka uwanja, ndani mnabanana kama matatu ya jioni, na wezi wa mifukoni wanaijua njia ile kuliko dereva. Sisi tuliipanda saa mbili, tukapata viti vya dirishani, mama akafurahi kama mtoto. Ndiyo safari pekee ya siku ile iliyokwenda ipasavyo. Zilizobaki zilikuwa teksi.

Sevilla ardhi ni sawa, toka hotelini mpaka mtoni. Kanisa Kuu, kasri la Alcázar na hazina ya nyaraka za Archivo de Indias vimezunguka uwanja mmoja. UNESCO iliviingiza vyote vitatu pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na unaweza kusimama mahali pamoja ukavitazama vyote kwa kugeuza shingo tu. Mtaa wa Triana ni kuvuka daraja. Plaza de España, ule ukumbi wa nusu duara uliojengwa kwa maonyesho ya 1929, wenye baraza la vigae kwa kila mkoa, ni mwendo wa mguu usiochosha. Kwa siku mbili tulipanda teksi mara mbili, kutoka uwanja wa ndege na kurudi.

Mnara usio na ngazi

Sasa nieleze kilichonifanya niipendelee Sevilla, na ni kitu kidogo.

Kanisa Kuu la Sevilla, ambalo kwa mtindo wa Kigothi ni kubwa kuliko yote duniani, limejengwa mahali ulipokuwa msikiti mkuu wa Waalmohadi, watawala Waislamu waliotoka Morocco. Msikiti ulivunjwa. Uani kulikokuwa kwa kutilia udhu kulibakizwa, na mnara pia ukabakizwa. Mnara huo, Giralda, ulimalizika mwaka 1198, na ni ndugu wa ule wa msikiti wa Koutoubia, Marrakech. Sehemu ya kengele juu yake iliongezwa karne ya 16, na sasa wote unapita mita 100.

Mama aliutazama toka chini. Akasema yeye atanisubiri kwenye benchi, nipande nikapige picha nimwonyeshe. Nikamwambia aje aone mlango tu. Ndani ya mnara hakuna ngazi. Kuna njia pana ya mwinuko wa pole, inayopinda kila pembe, na kila pindo limeandikwa namba ukutani, 1 mpaka 35. Inasimuliwa kuwa ilifanywa hivyo ili muadhini apande kwa farasi. Mama alikanyaga pindo la kwanza, la pili, akaniangalia. "Haya, twende." Tulipumzika kwenye 12, tukapumzika kwenye 20 penye dirisha, tukapumzika tena mahali sikumbuki. Watoto wa shule walitupita wakikimbia. Mwisho kabisa kuna ngazi chache, akazipanda akiushika ukuta. Juu alikaa muda mrefu akiutazama mji, upepo ukimpeperusha mtandio, hakusema kitu. Kwa goti lile, tangu mwaka uliotangulia hakuwa amepanda hata ghorofa ya pili kwa dadangu Kizingo.

Tuliposhuka tukaketi kwenye ule uwa wa udhu, chini ya miti. Sevilla imepandwa miti hiyo kila mtaa, na katikati ya Machi ilikuwa imeanza kutoa maua, harufu yake inakufuata mpaka chumbani. Watalii huona matunda ya rangi ya machungwa wakadhani ni machungwa. Kijana mmoja aliokota moja lililosalia, akamenya, akauma, akatema pale pale. Mama akanigeukia: "Danzi hilo. Angeniuliza mimi."

Alcázar ndiyo iliyobaki. Jumba lake maarufu zaidi lilijengwa na mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, miaka ya 1360, naye akaleta mafundi kutoka Granada ambayo wakati huo ilikuwa bado ya Waislamu. Matokeo yake ni kwamba juu ya mlango wa kasri la mfalme wa Kikristo, kwa vigae vya buluu na vyeupe, pameandikwa kwa Kiarabu, tena na tena, *wa la ghaliba illa Llah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hati ni ya Kikufi, ya pembepembe, haisomeki kwa haraka. Mama alisomesha watoto wa mtaa chuo cha Kurani kwa miaka mingi. Alisimama katikati ya uwanja akifuatisha herufi kwa kidole hewani, watu wakimpita huku na huku, mpaka alipoifungua. Wenye vipaza sauti vya masikioni walikuwa wameshaingia ndani zamani.

Mambo mawili ya kupanga. Tiketi za Alcázar huuzwa kwa saa maalumu na wikendi huisha. Kata mapema kwenye tovuti yao wenyewe, si kwa mawakala wanaopandisha bei. Na Kanisa Kuu Jumapili asubuhi ni misa, watalii huingizwa mchana. Kwa hiyo Jumamosi ni ya Kanisa Kuu na Giralda, Jumapili asubuhi ni ya Alcázar.

Dhahabu yetu

Lisbon basi. Watu wengi huenda Belém, magharibi ya mji kando ya mto Tejo, kwa tramu nambari 15. Huko kuna monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa utajiri wa biashara ya viungo, mawe yake yamechongwa kamba za meli na mimea ya baharini. Ukiingia kanisani, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama ndani ya jeneza la jiwe. Mama aliuliza, "Ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye. Kwetu Mombasa alipofika 1498 hakupokelewa vizuri, akaenda Malindi akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Mama aliitazama ile sanamu yake iliyofumbata mikono, akasema amechongwa mpole sana.

Kitu nilichokuahidi hakiko Belém. Kipo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, njiani ukitoka Baixa kwenda huko. Ni chombo cha ibada cha dhahabu, wanakiita Custódia de Belém. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alipita Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim aliyeitawala akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ya kodi ile, ambayo Kilwa iliipata kupitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ilifikishwa Lisbon. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo hiki, na kazi yake inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente.

Ukikiona, kwanza unaona wale mitume 12, wadogo kama kidole gumba, wamepiga magoti duara, nguo zao zimetiwa rangi. Juu yao ni nguzo nyembamba kama za kanisa, kila moja imechongwa mpaka huamini ni chuma cha kufuliwa. Kisha unainama kutazama kitako. Kuna maandishi ya Kireno yanayozunguka, na katikati ya maneno ya kumtukuza mfalme limo neno QVILOA. Kilwa. Wameandika wenyewe, bila kuficha: kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kimekamilika mwaka 1506. Mwaka kabla ya hapo, 1505, Wareno wale wale walikuwa wameshaishambulia Kilwa na kuiteka, na Mombasa wakaichoma.

Nilisoma kwa sauti. Mama akauliza kina uzito gani. Halafu, baada ya kimya: "Na sisi tunalipa kiingilio?"

Angalizo kubwa: makumbusho yale yamekuwa na kazi za ukarabati, na Jumatatu hayafunguliwi. Kama hicho ndicho kinachokupeleka Lisbon, hakikisha kwenye tovuti yao kwamba pako wazi na chombo chenyewe kinaonyeshwa, kabla hujalipa ndege.

Kwa mwenye masikio, miji yote miwili ina mchezo mwingine ambao ni wa bure. Lisbon utasoma mabango na kuokota maneno yako: *mesa* ni meza, *bandeira* ni bendera, *lenço* ndiyo leso ya mama, *vinho* ni mvinyo. *Igreja* maana yake kanisa, na lilipofika kwetu likawa gereza. Aliyewahi kuingia Fort Jesus hahitaji ufafanuzi. Sevilla maneno ni ya Kiarabu, ndugu wa upande wa pili: *azúcar* sukari, *aceituna* zaituni, *tarifa* taarifa, na meya wa mji anaitwa *alcalde*, ambaye kwetu ni kadhi. Mto wenyewe, Guadalquivir, ni *al-wadi al-kabir*, bonde kubwa. Mama aliuelewa toka mara ya kwanza dereva alipoutaja, nami niliyeishi Ulaya miaka kumi na moja nilihitaji kuelezwa.

Kula

Hapa Lisbon ni rahisi zaidi kwa asiyekula nguruwe. Mouraria, mtaa waliobakishiwa Waislamu baada ya mji kutekwa mwaka 1147, leo umejaa maduka na mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani, nyama ya halali ipo kila hatua, na ukiuliza pa kuswali utaonyeshwa. Msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa 1985, uko mbali kidogo, karibu na Praça de Espanha. Wengi walioupigania asili yao ni Msumbiji, na mama alizungumza pale na bibi mmoja kwa vipande vya Kiswahili na ishara za mikono, wakaagana kama waliokua nyumba moja. Kuku wa *piri-piri* anauzwa kote. Neno ni ndugu wa pilipili yetu, ukali umepungua njiani.

Sevilla mapaja ya nguruwe yamening'inizwa darini katika kila baa, na vipande vyake huingia usikotarajia. Supu baridi ya nyanya, *salmorejo*, huja imenyunyiziwa juu. Biskuti za *mantecado* zina mafuta yake. Jifunze kusema *sin cerdo*, bila nguruwe, na uliza hata kwa mboga. Lakini samaki wao wa kukaanga ni mzuri, mwepesi, hauna mafuta ya kuchuruzika. Na kuna mchicha wa dengu nene, *espinacas con garbanzos*, unaotiwa bizari nyembamba. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akaniuliza nani kapika. Tuliuagiza kila mlo uliobaki.

Saa zao zitakutesa. Sevilla jikoni hufungwa mchana, na chakula cha usiku hakianzi mpaka saa mbili na nusu, saa tatu. Mzee wako ukimzoeza kula saa moja, nunua mkate na matunda mapema.

Msimu na pesa

Julai na Agosti Sevilla joto hupita nyuzi 40, na sikushauri hata kama umezaliwa Garissa. Huko hakuna upepo wa bahari, mchana mji mzima hufunga madirisha. Miezi hiyo Lisbon ndiyo jibu bila mjadala, kwa sababu ya Atlantiki. Machi, Aprili mwanzoni, Oktoba na Novemba ni zamu ya Sevilla, ila uepuke wiki ya kabla ya Pasaka na ile ya Feria, sherehe kubwa ya mji, inayofuata baadaye, vyumba hupanda bei vibaya sana, isipokuwa maandamano yenyewe ndiyo unayoyafuata. Juni Lisbon ina sikukuu ya Mtakatifu Antonio, usiku wa kuamkia tarehe 13, dagaa wakubwa wanachomwa mitaani mpaka moshi unaziba vichochoro. Inapendeza, hakulaliki.

Bei za vyumba nilizoziona zilikaribiana. Lisbon kuna kodi ya watalii ya euro 4 kwa mtu kwa usiku, mara nyingi huilipi na chumba, unadaiwa mapokezi.

Mtu ataniuliza kama anaweza kuchanganya yote mawili wikendi moja. Hapana. Hakuna treni ya moja kwa moja kati ya Lisbon na Sevilla, na basi huchukua saa sita au saba. Ukiwa na siku tano ni habari nyingine: ingia Sevilla, tokea Lisbon, na usisahau kurudisha saa nyuma, maana Ureno iko nyuma ya Uhispania kwa saa moja. Ukiwa Madrid kwa shughuli zako, treni ya kasi inakufikisha Sevilla kwa saa mbili na nusu, na hapo hesabu inaegemea Sevilla zaidi.

Mama amesharudi Mombasa. Wiki iliyopita nilimpigia kumwambia naandika haya, na kwamba nimeipa Sevilla ushindi. Akanyamaza kidogo. Akasema Sevilla ni mzuri, goti lake linaushukuru, lakini akijaaliwa kuja tena anataka kurudishwa Lisbon, kwa sababu kile chombo hakukitazama vizuri, mlinzi alikuwa anafunga. Nimeshaanza kutafuta chumba. Kiwe Baixa, karibu na kituo cha metro, chenye lifti.